Sentimita Themanini na Mbili

Jumatatu, 17 Julai 1961
Nimepima tena. Valvu za moshi zinafunguka digrii 60 kabla pistoni haijafika chini. Mara tatu nimepima, mara tatu 60. Nguvu naitaka kwenye mizunguko 5,800 kwa dakika. Jibu: kila bomba la moshi liwe sentimita 82, manne sawasawa, kisha yaungane mawili mawili. La kwanza na la nne. La pili na la tatu. Patron, mwenye gereji, aliitazama hesabu yangu kama anasoma barua ya mtu mwingine. Akasema sawa.

Gari ni lake, la mashindano. Kilomita moja, kuanzia kusimama, linakwenda kwa sekunde 36 na nusu. Anataka chini ya 35. Jaribio ni Jumapili, tarehe 30.

Karata yangu ya kazi, yaani kibali, inakwisha tarehe 31. Nimemwomba aisaini leo. Atasaini baada ya jaribio, anasema, kama kutakuwa na sababu. Miaka tisa niko katika gereji hii. Mimi ni mtu wa Kasai, na mwaka huu hapa Katanga mtu wa Kasai akikutwa bariera, kwenye kizuizi cha askari, bila karata, nyumbani hafiki. Anajua. Ndiyo maana anangoja.

Jumatano, 19 Julai
Mabomba mapya hayapatikani. Tangu Katanga ijitenge, vitu haviji. Nimepata ya boiler ya treni, mita tatu na nusu. Manne ya 82 ni 328. Zinabaki sentimita 22. Hakuna nafasi ya kukosea.

Tutayakunja kwa mchanga: unajaza bomba, unaziba ncha mbili kwa vigingi vya mti, unapasha mpaka liwe jekundu, unakunja polepole. Mchanga unazuia bomba lisibonyee. Mchanga wa mto Naviundu, mzuri, lakini lazima ukauke kabisa.

Victor, fundi wetu wa kukereza vyuma, Mkatoliki wa kaskazini mwa Katanga, baba yake mtu wa reli, anacheka. "Batu ya Kasai banapima mpaka moshi." Nikamjibu: "Na weye unapima bia tu." Gereji nzima ikacheka. Mimi sikucheka sana. Siku hizi neno Kasai likitajwa, naangalia mlango.

Ijumaa, 21 Julai
Mhandisi kijana aliyetoka Ulaya mwezi wa tano ameichukua michoro yangu. Kwa penseli nyekundu amefuta 82, ameandika 68. Eti mabomba yatapendeza, hayatatokeza chini ya sakafu ya gari.

68 ni mizunguko 6,850. Springi za valvu zinachoka kwenye 6,200. Injini itapumua vizuri mahali isipoweza kufika. Nilisema. Patron akajibu nifuate alivyoandika kijana. Pembeni ya karatasi kijana ameweka saini yake. Mchoro wangu. Namchukia.

Jioni, bariera. Askari aliishika karata muda mrefu.
"Inabakia siku kumi."
"Ndiyo, chef."
"Kumi ndjo kidogo, Mukasai."

Jumamosi, 22 Julai
Nimekata. 82, yote manne. Sikumwambia mtu. Kutoka 82 naweza kushuka mpaka 68 kwa saa moja na msumeno. Kutoka 68 siwezi kupanda. Hiyo si jeuri, ni hesabu.

Jumanne, 25 Julai
Mawili yalikunjwa vizuri jana. La tatu limelipuka.

Kosa ni langu. Mchanga niliukausha juu ya moto jana, nikaufunika turubai nikaenda nyumbani. Julai hapa ni kiangazi, mvua hakuna tangu mwezi wa nne, nani anafikiri juu ya maji? Lakini usiku ni baridi, na umande umeingia chini ya turubai. Sikuushika kwa mkono. Miaka ishirini ya chuma na sikuushika. Maji yakawa mvuke, kigingi kikaruka kama risasi, kikapita karibu na sikio la Victor, kikatoboa bati la paa. Bomba limepasuka katikati.

Victor alikaa chini. Niliomba radhi. Akatoka nje, hakurudi.

Mabomba matatu. Kipande cha 22. Siku tano.

Jumatano, 26 Julai
Nilidhani leo Victor atakuja na askari. Amekuja na bomba begani.

Ni la aina ileile, la boiler ya treni. Watu wote wa reli wakistaafu wanaondoka na moja, na la baba yake lilikuwa nguzo ya kamba ya nguo. Amelikata mbele ya mama yake. "Mama analia, mashuka yake iko chini," akasema. "Ukikosea hii, weye ndjo utasimama pale ushike kamba."

Nimeupika mchanga mara mbili. Nimeushika kwa mkono. Bomba limekunjika.

Ijumaa, 28 Julai
Kulehemu kumekwisha, mabomba yako kwenye injini. Mhandisi alikuja na mita yake. Akapima. Akapima tena. Akaenda kumwita Patron.

Nilisema mara moja tu: jaribuni hivi, ikishindwa nitakata pale pale barabarani, msumeno ninao. Patron alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Nikafikiri ananifukuza. Victor akaendelea kukereza, lakini alipunguza mashine ili asikie. Mwishoni Patron akasema: Jumapili. Na usipofika chini ya 35, Jumatatu usije.

Jumapili, 30 Julai
Barabara ya Naviundu, kipande kilichonyooka. Patron kwenye usukani, mhandisi na saa. Mimi na msumeno.

Safari ya kwanza: sekunde 35 nukta mbili. Mhandisi akanitazama. Nikaomba mishumaa ya moto, zile plagi, isafishwe, ilikuwa imejaa masizi ya kusubiri huku injini ikinguruma. Nikasafisha mwenyewe, moja ikaanguka kwenye vumbi.

Ya pili: 34 nukta sita. Ya tatu: 34 nukta moja.

Hakuna aliyenishika mkono. Mhandisi aliitandaza michoro juu ya boneti, akafuta 68, akaandika 82 kwa wino. Saini yake akaiacha.

Jumatatu, 31 Julai
Patron amesaini saa nne. Miezi sita. Pale panapoandikwa kazi, mwaka jana aliandika fundi. Leo ameandika manœuvre, mtu wa kubeba na kufagia. Nilisoma mara mbili. Nilikuwa na maneno. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Bariera palikuwa na watu wengi. Wawili walitolewa kwenye mstari mbele yangu. Askari aliisoma karata yangu, akaigeuza, akatazama tarehe, akanirudishia.

Agnès, mke wangu, alikuwa amepika bukari, ugali wetu, na samaki wa Pweto. Aliniuliza, nikamwonyesha tarehe. Mstari wa kazi niliufunika kwa kidole. Tulikula.