Kwa Muramu Aliyenifundisha Kupiga Magoti

Muramu wangu mpendwa,

Dada yangu, mkeo, bado anakutaja kwa jina lako kamili, kama mtu aliyeko chumba cha pili. Mimi siwezi. Kila nikitaka kukutaja nabaki na neno hili la kwetu, muramu, shemeji, ambalo mimi na wewe tuliitana kwa zamu kila tulipokutana. Barua hii naiandika wazi, aisome yeyote, kwa sababu sijui niitume wapi. Vita vimekwisha. Askari wamerudi, mgambo wamerudi, hata malori yaliyochukuliwa yamerudi baadhi, yamechakaa. Wewe hujarudi.

Jumapili wazee wanakaa nyumbani kwa Baba, Nyamiaga. Wanataka kuamua kama wewe ni wa kuliliwa au wa kungojwa. Baba amenitumia ujumbe hapa Biharamulo kwa kondakta wa basi: "Mwambie aje. Yeye yuko bomani, yeye ndiye atakayesema." Nikisema umekufa, msiba utawekwa, matanga yataanuliwa, na Dada atarudi kwa Baba aolewe upya. Ujue, muramu, hapa bomani hakuna aliyeniambia lolote. Lakini nyumbani wanaamini karani wa wilaya anajua kila kitu, ila anaficha. Neno langu litachukuliwa kuwa neno la serikali. Ndiyo maana naogopa, na nikiogopa nakukumbuka wewe. Hofu yangu uliifahamu kabla ya watu wengine, na hukuicheka.

Ulikuja kwetu kutoka ng'ambo ya mto Ruvubu, mwaka ule wa mauaji Burundi, ukiwa na shati moja na viatu visivyofanana. Kihangaza chetu na Kirundi chako vilielewana siku ya kwanza. Tulipohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zikapangwa mstari kama madawati, wewe ulikwishapata kazi ya kuendesha lori la misheni, na ulikwishampata Dada. Nami nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, mwembamba, nikija likizo na vitabu vyangu na kutetemeka kila mtu akinyanyua mkono.

Judo ulijifunza chuoni kwenu, ulipokuwa ukisomea ualimu. Nyuma ya nyumba ulitandaza majani makavu ya migomba, juu yake turubai la lori. Dada alitushonea makoti ya magunia ya kahawa, maana ulisema nguo ya kawaida itachanika. Yaliwasha kama upupu. Ukanionyesha namna ya kumbeba mtu begani na kumtupa mbele. Sikuweza. Miguu yangu ilitetereka chini ya uzito wako. Ukanisukuma, si kwa nguvu, na mimi kwa woga nikaanguka magoti papo hapo, mkono wako bado nimeushika. Ulipita juu ya kichwa changu ukatua mgongoni, turubai likalia.

"Mwalimu kaanguka!" Dada alipiga kelele kutoka jikoni. "Jamani, njooni muone, mwalimu kaanguka!"

Ulibaki umelala, unatazama mbingu.

"Rudia," ulisema.

"Sijui nilichofanya."

"Ulipiga magoti ukaingia chini yangu. Kuna kutupa kwa namna hiyo. Wenzako hufundishwa miaka."

"Niliogopa tu, muramu."

"Basi. Tutaifundisha hofu yako ivute kwanza, ndipo ishuke."

Likizo ile nzima hatukufanya kingine. Mkono wa kushoto ushike mkono wa koti lako penye kiwiko, wa kulia ukunjo wa koti kifuani. Nivute kwenda juu na kuja kwangu, mpaka visigino vyako vichoke kukaa chini. Nigeuke. Magoti yatue katikati ya miguu yako, si mbele yake. Vidole vya miguu viume ardhi, kifua kisimame, macho yasiende chini. Na kuvuta kusikatike, kuendelee mpaka bega lako ligeuke na mgongo wako uguse turubai. Maelezo yalikuwa mepesi. Mwili wangu ulikataa. Nilishuka kwanza, nikavuta baadaye. Nawe kila mara uliniketia mgongoni taratibu, ukapitisha mkono shingoni mwangu.

"Hapa umekwisha, muramu. Umejipeleka mwenyewe kaburini ukapiga magoti mlangoni."

Magoti yalivimba. Dada aliyakanda kwa maji ya moto akikulaumu kwamba utanirudisha shuleni nikitambaa. Ukaniambia nisijibwage kama mzigo, niteremke. "Buhoro," ulisema, polepole. "Anayejibwaga ameacha kufikiri."

Nakumbuka ile sikukuu ya kijiji. Kwetu vijana wakishikana mieleka, aliyegusa ardhi kwa goti ameshindwa, hata mtoto anajua. Wewe ulijua pia, ukaniacha niingie uwanjani bila kunikumbusha. Nilipangiwa Masanja, mtoto wa wale wafugaji waliotoka Shinyanga, kifua kama mlango.

"Msomi!" aliniita. "Leta hiyo mifupa, mbwa wetu wana njaa!"

Watu wakacheka. Aliponijia, nilishuka. Nikasikia uwanja mzima ukinguruma, "Kapiga goti! Kapiga goti!" na kabla hawajamaliza kusema, Masanja alikuwa amepita juu yangu na kulala chali vumbini. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa mwamuzi, alitazama vumbi magotini mwangu, kisha akatangaza, "Goti la msomi limegusa kwanza. Masanja ameshinda."

Masanja alinyanyua kichwa kutoka vumbini. "Nimeshinda?"

Kicheko kile sijakisikia tena kijijini kwetu. Ila Baba hakucheka. Aliondoka uwanjani na fimbo yake. Mwanawe wa kusoma alikuwa amepiga magoti mbele ya watu, na kwa Baba hilo halikuwa na maelezo.

Nilitegemea unisifu. Ulikuwa unamenya ndizi na Dada, hukuinua hata macho.

"Umemwangusha?"

"Nimemwangusha. Kila mtu ameona."

"Hapana. Masanja aliinama kutazama magoti yako, akajiangusha. Hukuvuta, muramu. Angekuwa mtu anayeijua judo, ungekuwa chini yake mpaka sasa."

"Mwache mtoto afurahi," Dada alisema.

"Afurahi kwa kilicho chake," ulijibu.

Niliumia. Kesho yake tulianza upya. Uliniambia nisitafute nguvu, nitafute mguu wako. Kila anayesukuma lazima alete mguu mbele, na mguu ukiwa hewani yeye ni mwepesi. Kazi yangu ni kungoja. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa kuwa mwoga hapendi kungoja. Anataka jambo liishe, hata kama litaishia vibaya. Ulinisukuma, nikashuka mapema. Ulinisukuma, nikachelewa. Likizo hii na ile iliyofuata. Kisha asubuhi moja ukaja, nikavuta, mguu wako ukafuata mkono wangu, nikateremka, na sikusikia uzito wako kabisa. Niligeuka kukutafuta, kumbe uko chini mbele yangu, unapangusa majani ya migomba usoni.

"Hiyo," ulisema. Neno moja. Mpaka leo sijapata cheti kilichonifurahisha hivyo.

Vita vilipoanza, mimi nilikuwa nimeshapangiwa kazi hapa, ndani ya kuta hizi nene za boma la Wajerumani. Malori yalipita kwenda kaskazini mchana na usiku. Siku moja nikasikia honi ninayoijua. Nilitoka mbio. Ulikuwa umesimama upande wa sokoni, lori limejaa unga, vumbi limekugeuza mzee.

"Muramu! Bado unashuka kabla ya kuvuta?"

"Siku hizi navuta viti tu, ndugu dereva."

Ulicheka. Nilishika mlango wa lori, nikakwambia kwa sauti ya chini kwamba wewe si raia, hakuna atakayekulaumu ukimkabidhi mwingine funguo. Uliacha kucheka.

"Nilifika kwenu na shati moja, mkanilisha. Sasa unga unatakiwa mbele, na mimi ndiye ninayejua kuendesha."

Kisha ukasema, "Msalimie dada yako. Mwambie nimekula." Ukatia gia.

Tangu hapo tumepata habari moja. Dereva mwenzako aliliona lori lako ng'ambo ya mto Kagera, magurudumu yameungua, mlango uko wazi, ndani hamna mtu. Basi. Juu ya mlango ule wazi kila mtu amejenga lake. Wako wanaosema Mrundi amepata njia ya kurudi kwao. Baba haiwezi hiyo. Kwake afadhali uwe umekufa kuliko uwe umemwacha binti yake, na nadhani, muramu, hiyo ndiyo heshima anayoweza kukupa.

Dada alikuja wiki iliyopita, mwanao mgongoni. Hakuketi.

"Jumapili utasema nini?"

"Dada, nikisema amekufa, utapumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Nilimsogezea kiti, akakisukuma kando.

"Umemwona amekufa?"

"Sijamwona."

"Umemwona yu hai?"

"Sijamwona."

"Basi unajua la kusema. Kungoja ni kazi yangu, sijakuomba unisaidie." Alimweka mtoto sawa mgongoni. "Na wakitaka kujua nitangoja mpaka lini, mdomo ninao."

Hapa ofisini tusipojua jambo hatusemi hatujui. Tunasema, njoo kesho. Nimelisema hilo kwa wazee waliotembea kutwa nzima, nalo hutoka mdomoni kwa urahisi kuliko salamu. Lakini "sijui", mbele ya Baba, mbele ya wazee waliouza kahawa ili mimi nisome nijue, sijawahi kulisema. Nalijaribu nikiwa peke yangu, najikuta nimesema njoo kesho.

Jumapili nitasimama. Nitawaamkia shikamoo mmoja mmoja, kisha nitasema: sijui. Bomani hawajui. Baba atanitazama, nami nitatetemeka, watu wataona. Watauliza, sasa huyu mwanamke afanyeje? Nitawaambia, amekaa hapo, muulizeni mwenyewe. Halafu nitaketi.

Nimemaliza, muramu. Basi linaondoka alfajiri na bado sijafunga mfuko. Kama umelala, lala kwa amani, sisi hatukukuzika kwa maneno. Kama uko njiani, usione haya kwa kuchelewa. Fika tu.

Muramu wako,
mdogo wa mkeo.