Jabir Alipoulizwa Rukhsa

Malaz, Riyadh
Jumanne, 11 Novemba 2025

Mpendwa mwanangu Anas,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yako, wifi yangu Muna, pamoja na mguu wake ule wa kulia. Uvimbe umeshuka? Dawa anakunywa, au bado anazificha chini ya godoro? Mimi nipo, presha inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Mume wangu Murad hajambo, ila siku hizi haniachii ufunguo wa nyumba, na sababu utaiona mbele. Binti yangu Hala anakusalimu. Bahasha hii kaitafuta maduka manne, maana watu wa huku wamesahau kama kuna kitu kinaitwa barua.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu umetufungia namba zote. Yangu, ya Hala, ya Murad, hata ile ya kazini kwake. Nilitaka kukutukana nikakosa pa kukutukania. Bi Zuwena kamaliza umra yake na anarudi Unguja, nami nimemwapisha akupe barua mkononi, asimwachie mtu. Isome mpaka mwisho. Ukitaka kuichana, ichane ukishamaliza.

Jabir yuko jela, Jidda. Kaua mtu kwa gari.

Najua ukisoma jina lake ulimi unakwenda kwenye pengo la jino. Sijasahau kwamba alikung'oa jino kwa ngumi mbele ya mama yako, na wewe ukampasua mkono kwa chupa ya soda, watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, mnagombea viza kama kuku wanavyogombea utumbo. Lakini viza ile nilikuahidi wewe. Ulichelewesha pasipoti, nami kwa haraka zangu nikampa yeye bila ya kukwambia. Kosa la mwanzo ni langu, na wala sikuwahi kulisema mpaka leo.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Jabir alikuwa dereva wa nyumba moja huko Al-Safa. Jumatano moja ya mwezi wa tisa alitumwa kumchukua bibi wa nyumba kliniki, yuko peke yake garini. Gari kubwa likamkata mbele. Wewe unajua sisi kwetu tunapita kushoto, na huku wanapita kulia. Katika kufumba na kufumbua mkono wake ukakimbilia kwetu, akapinda kushoto, akaingia moja kwa moja kwa wanaokuja. Akampanda mtu wa pikipiki, Myemeni aliyekuwa akipeleka chakula, akamburura mpaka kwenye ukingo wa barabara. Kofia yake ngumu ilivuka barabara peke yake. Wali na kuku vilitapakaa kwenye lami pamoja na damu yake, na marehemu alikuwa na watoto watatu.

Ndugu wa marehemu alikuwa nyuma, na yeye juu ya pikipiki yake. Aliuvunja mlango wa Jabir kwa mateke, akamtoa kwa nywele, akampiga na kofia yake ya pikipiki mpaka ikapasuka. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningempiga na pikipiki yenyewe.

Halafu akafika kafili, yule tajiri wake, kabla ya askari. Hakuuliza nani kafa. Alivua agali, ile kamba nyeusi wanayokazia kilemba kichwani, akamchapa nayo machoni mara nyingi mbele za watu. Jabir alikuwa kashika simu anataka kunipigia. Kafili akamnyang'anya simu, akaiweka chini, akaikanyaga kwa kisigino mpaka ikawa vipande, na vipande akavitia mfukoni. Ukumbuke habari ya simu hiyo, nitairudia.

Askari alipokuja aliuliza swali moja: 'Fi rukhsa?'

Na Jabir, damu imejaa mdomoni, akaitika: 'Aiwa, fi rukhsa.'

Wakampekua. Wakapekua gari. Hawakuona kitu. Wakaandika kwamba dereva kasema uongo mbele ya askari, na mtu kafa.

Anas, neno hilo ndilo lililomfunga. Kwetu rukhsa ni idhini. Mtoto anaomba rukhsa kwenda kucheza, mke anaomba rukhsa kwenda kwao. Kwa Kiarabu cha huku rukhsa ni kadi, ndiyo leseni yenyewe ya udereva. Jabir aliulizwa kama ana leseni, akajibu kama kaulizwa na mamake iwapo karuhusiwa kuchukua gari. Hata wewe ungeitika vile vile.

Nikueleze na sheria, maana najua bado unaota kuja. Leseni ya Zanzibar hapa inakufaa miezi michache tu tangu uingie, tena iwe imetafsiriwa na kugongwa muhuri. Ukishapata ikama, kile kibali cha kuishi, inabidi uende shule ya udereva, upimwe macho, utahiniwe njiani, ndipo upewe kadi yao. Kule ndiko mkono unakofundishwa kukimbilia kulia. Wa kumpeleka Jabir shule alikuwa kafili, na kafili aliona shule inamlia siku za kazi.

Bima ya gari ipo, na hapo ndipo penye kisu. Bima itawalipa warithi wa marehemu, halafu inageuka kumwandama mwenye kosa airudishe yote. Ikiwa tajiri alimtia barabarani mtu asiye na leseni huku anajua, mzigo ni wa tajiri. Ikiwa dereva ndiye aliyemdanganya tajiri kwamba anayo, mzigo ni wa dereva. Na kafili anakula yamini kwamba Jabir alimdanganya. Anasema, 'Kama alimwambia askari anayo, mimi angeshindwa kunidanganya?' Likisimama hilo, Jabir hatoki mpaka alipe. Alipe na nini, kanzu yake?

Niliruhusiwa kumwona hospitali kabla hawajampeleka ndani. Nilipita kitanda chake nikaenda mpaka mwisho wa wodi, nikarudi. Uso ulikuwa umevimba hauna pua wala jicho. Nilimjua kwa kovu la mkononi, lile ulilomtia wewe kwa chupa. Nililishika nikalia, na nilikushukuru wewe, mwanangu, Mungu anisamehe.

Kutoka hapo nikamwambia Murad twende kwa kafili tukazungumze kwa adabu. Tulikaribishwa, tukakalishwa kwenye mazulia, tukamiminiwa kahawa. Akasema kwa sauti laini kabisa kwamba watu wetu ni waongo tangu utotoni na yeye kosa lake ni kuwaamini. Dele, birika lao la kahawa, lilikuwa mbele yangu, limejaa. Nilimrushia na kahawa yake. Likampata juu ya jicho, nyama ikafunguka, damu ikashuka kwenye kanzu nyeupe mpaka magotini. Nilikuwa natafuta kitu cha pili cha kurusha Murad aliponikumbatia kwa nyuma na kunitoa nje huku namtafuna kidole. Mwanamke wa miaka sitini na moja! Kafili kasema hatanishitaki nikiacha kutia mguu Jidda. Ndiyo maana ufunguo anao Murad.

Wakili tuliyemwekea Jabir kanigombeza kwamba nimeharibu. Damu ya yule bwana siijutii hata kidogo. Ninachojutia ni kitu kingine, na nimekiweka huku chini kwa sababu nilikuwa naogopa kukiandika.

Mwezi wa nne Jabir alinipigia simu. Nilikuwa jikoni nakaanga sambusa, simu nimeibana begani. Akasema, 'Shangazi, nimepewa rukhsa ya gari!' Mimi nimezaliwa huku, Unguja nakuja kutembea tu. Ndani ya nyumba tunasema Kiswahili, mlangoni tunasema Kiarabu, na siku ile sijui nilikuwa upande gani wa mlango. Nikadhani kapata leseni. Nikamwambia, 'Mashallah. Iweke pahala pazuri isije ikapotea.' Akacheka sana. Alidhani namtania, maana idhini inapotea vipi? Mimi nami nikacheka kwa kuwa alicheka, kisha nikarudi kwenye mafuta yangu. Ningemuuliza neno moja tu, 'Kadi yako rangi gani?', Myemeni yule angekuwa hai.

Sasa simu iliyokanyagwa. Wiki iliyopita Hala alikwenda kumwona Jabir jela, akamuuliza nani alimwambia rukhsa ipo. Akasema ni kafili mwenyewe. Siku ya kwanza ya kumpa gari alimtumia ujumbe wa sauti: 'Rukhsa maujud, endi ana, mafi mushkila, yalla suug.' Yaani leseni ipo, ninayo mimi, hakuna tabu, haya endesha. Jabir akasikia idhini. Kafili alikuwa anasema uongo wake mchana kweupe, kwa sauti yake mwenyewe. Ndiyo maana kisigino kilikwenda kwenye simu kabla hakijakwenda kwa maiti.

Hala akamuuliza kama sauti ile iko kwa mtu mwingine yeyote. Jabir akainamisha kichwa. Akasema, 'Anas anayo. Nilimtumia kumkoga, kumringishia.'

Kwa hiyo iko kwako, Anas, kama hujaifuta. Ipo kwenye simu yako tangu mwezi wa nne, imetumwa na mtu aliyekung'oa jino, ili ujue kwamba gari alilopewa lilikuwa liwe lako. Najua hasira iliyokufanya utufunge sote. Ningekuwa mimi simu ningeitia chooni.

Kesho yake alikutumia na nyingine, ikabaki na tiki moja mpaka siku simu ilipokanyagwa, kwa sababu ulikuwa umeshamfunga. Hala alimuuliza ilisema nini. Akasema alikuwa anakuomba radhi ya jino.

Kesi inarudi Jumapili, tarehe 30. Wakili anasema sauti ile, na tarehe yake, inamtoa Jabir kwenye kinywa cha kafili. Atajibu kwa Mungu na kwa watoto wa yule Myemeni kwa kosa la mkono wake, lakini uongo usiokuwa wake hataubeba. Bila ya sauti hiyo sijui nitamwona tena nje nikiwa hai. Mtumie Hala, namba yake iko nyuma ya bahasha. Usitume maneno, wala salamu. Sauti ile tu, halafu ukitaka utufunge tena.

Msalimie mama yako, umwambie dawa anywe mbele yako. Mama yake Jabir akija kwenu kuuliza, usimsomee habari za agali. Wape mkono jirani zenu wote wa Michenzani wanaonikumbuka. Mungu akukinge na barabara, na watu wenye sauti laini, na ndimi mbili ndani ya kinywa kimoja kama changu.

Na kumchukia Jabir, mchukie. Mimi shangazi yake na yako nakupa rukhsa, kwa Kiswahili chetu, haina kadi na haina muda wa kumalizika. Ila ifungue simu.

Nami ni yule yule akupendaye, niliyekunyima viza,
Shangazi Nunu