Mama na Ujumbe wa Sauti

Msimbu, Jumanne

Nacheka peke yangu kama chizi, mbavu zinauma.

Asubuhi dada mmoja wa Kibaha anayetafuta achari ya embe kwa harusi ya mdogo wake aliniuliza kwenye simu: "Una tovuti? Nimeshatapeliwa mtandaoni, simtumii hela mtu mwenye picha tu." Tovuti sina. Fundi wa kuitengeneza anataka hela yote niliyoweka ya sufuria kubwa, na nilishaanza kulegea nimpe, maana nikiikosa harusi hii...

Nikamrekodia ujumbe wa sauti kumbembeleza. Kumbe mama yuko nyuma yangu jikoni, anafoka: "Weye Zuhura! Nimekwambia achari ya moto haifunikwi! Unataka kuwaumiza watu matumbo?"

Kidole kilikuwa kimeshatuma. Nilitamani ardhi ipasuke.

Yule dada akajibu huku anacheka: "Tapeli hana mama wa hivyo. Nitumie namba, nalipia ndoo mbili."

Ndoo mbili! Kesho nanunua sufuria.

Jioni nimemsimulia mama yote, nikamweleza na tovuti ni kitu gani. Akauliza: "Na hiyo ingekugombeza?"