Nafasi ya Nne

Kambini, Kericho

Dada yangu Awuor,

Kabla hujasoma zaidi tafuta mahali pa kukaa, na pawe mbali na masikio ya Mama. Nimeandika kwa mkono kwa sababu moja tu: kila nikipiga simu unaweka spika ili naye asikie, na haya si ya spika. Hujambo lakini? Mguu ulipona? Mahindi yameota, ama mvua imewaruka tena? Na Mama je, ameanza kula? Jumapili uliniambia anakunywa uji vijiko viwili, anasukuma kikombe na kusema, "Ni mimi nafuata." Neno hilo limenikaa kifuani wiki nzima.

Mimi niko, siwezi kusema zaidi ya hapo. Baridi ni ile ile. Mashine za kuchuna majani zimefika hadi upande wetu wa shamba. Wawili wanashika huku na huku, wa tatu anabeba gunia, na sisi wengine tunaitwa siku tatu kwa wiki. Mikono yangu ambayo msimamizi alikuwa akiisifu mbele ya watu sasa inafulia walimu nguo. Nimezoea. Uongo, sijazoea.

Mkebe uliokuja na barua hii usiufungue mbele ya Mama. Ndani kuna ile mashine ya mchezo. Ndiyo, ile ya kijivu, nzito kama tofali, ambayo Baba alipewa na wazungu waliokuwa wanahama bungalow alipokuwa mpishi wao. Nilidhani ndugu yetu Oduor aliiuza kitambo. Jirani yake, Mama Chepng'eno, ndiye aliyeipata tulipokuwa tukitoa vitu vyake chumbani baada ya kurudi kutoka mazishi.

"Akinyi, kuja uone," aliniita. "Hii kitu ilikuwa chini ya godoro, imefungwa na sweta. Ni redio ama ni nini?"

"Ni mchezo, mama."

"Mchezo? Ai! Na vile alikuwa anakaa nayo kwa jua kila siku akikohoa, ameinamisha kichwa, mimi nilikuwa najua anasoma Bibilia."

Nilicheka, dada. Mara ya kwanza kucheka tangu tumzike, na machozi yalikuwa yanatoka.

Nilinunua mawe manne ya redio, zile betri ndogo, nikakaa kwenye ngazi ya mlango jua likiwa kali, maana unakumbuka kile kioo hakina taa. Kivuli kidogo tu huoni kitu. Ikaamka. Ule muziki wake mdogo ukaanza, na nikawa na miaka kumi na moja tena, tunagombana nani ashike, mawe yaliyokwisha yameanikwa juu ya mabati yapate nguvu za kumalizia siku.

Nimeicheza siku tatu, na sasa kwa vile mimi ni mtu mzima naweza kuihukumu bila mapenzi. Ina makosa mengi. Ukitembea hatua tatu, zimwi. Hatua tatu nyingine, zimwi lile lile, hata huna nafasi ya kufikiri. Panga unalonunua lina hesabu yake. Ukilitumia mara hamsini linavunjika mkononi katikati ya vita, na hakuna wa kukuonya. Kiingereza chake ni kibovu kuliko changu, mtu anakueleza njia na unabaki umepotea zaidi. Inahifadhi safari moja tu, kwa hivyo ukikosea na kuhifadhi, umekosea kabisa. Na mpiganaji akianguka mara tatu, moyo wake wa tatu ukizimika, harudi. Nani anatengenezea watoto mchezo wa namna hiyo?

Lakini pia nitasema ukweli wake. Ile nchi iliyomezwa na ukungu, na wale wanne wanaopanda kilima hadi kilima kuwasha moto watu waonane tena, sisi tuliijua hata kabla ya kuicheza. Ilikuwa ni hapa. Na ilitupa kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyetupa: kuandika majina yetu wenyewe. Herufi nne tu, hazizidi. Ndiyo sababu Oduor aliniita Akin hadi mwisho, nawe Awuo ukikataa kuitika.

Unakumbuka vizuri kilichofuata, na ninajua hupendi kukikumbuka. AWUO, AKIN, ODUO na ATIE. Atieno wetu alianguka mara tatu katika mashine, Oduor akahifadhi kwa makosa, na msimu ule ule wa mvua homa ikamchukua Atieno mwenyewe. Mama hakutuchapa. Aliifungia mashine ndani ya chungu mwaka mzima, na alipoitoa alitoa na sheria: "Jina la mtu aliye hai halitaingia humo tena. Mkitaka kucheza, wekeni waliotangulia. Hao hawawezi kufa mara ya pili." Oduor akaanza safari upya na ATIE. Baadaye akaingia DANI, nyanya yetu. Baba alipoondoka, Oduor akaandika OPIY, nakumbuka alivyokasirika kwamba Opiyo haikuenea. Nafasi ya nne ilibaki wazi. Wakati mwingine alinitania kwamba amemwekea shemeji mmoja asiyempenda.

Dada, nafasi ya nne haiko wazi. Nimekuta ODUO.

Niliiona Krismasi iliyopita alipokuwa akiniambia anatafuta mtu wa kuinunua. Walikuwa watatu. Kwa hivyo aliliandika jina lake baadaye, kwa mkono wake mwenyewe, akiijua sheria ya Mama kuliko sisi wote. Zile siku aliponiambia, "Ni vumbi tu la kiwanda, Akin, litatoka," alikuwa ameshakwenda kupigwa picha ya kifua, cheti chake nimekikuta ndani ya lile sweta. Alirudi na jibu akalikalia. Nilimkasirikia hadi nikaitupa mashine kitandani. Mimi niko hatua mia mbili kutoka mlango wake, napika ugali wa watu wawili, na yeye anaaga kwa mashine! Sijamsamehe bado. Nitamsamehe, lakini si leo.

Kwenye mazishi Mama alinishika mkono akaniuliza, "Alijua?" Nikasema hapana. Sikudanganya, sikuwa na habari. Ndipo alipoanza kusema kwamba mtoto wake alisukumwa gizani bila kujua anaenda wapi, na hapo ndipo alipoacha kula.

Sasa nisikilize vizuri, maana haya ndiyo ninayotaka umwambie, ukiona ana nguvu. Wale watatu wamepigana miaka mingi, wana nguvu za ajabu. ODUO ni mgeni, zimwi dogo lingemmaliza. Lakini Oduor amempanga mwisho wa mstari, mahali ambapo mapigo hayafiki. Mbele yuko OPIY. Ngao ya fedha, ile moja tu ambayo tulihangaika kuitafuta likizo nzima, ameitoa kwa Baba na kumpa ODUO. Mioyo yake mitatu yote inawaka, hajaanguka hata mara moja. Nimewaacha wote kwenye nyumba ya wageni, hapo mazimwi hayaingii. Mawe nimeyatoa.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie si yeye aliyewekewa nafasi. Msalimie mjane wa Baba mdogo aliyetupikia siku za matanga, na mwalimu wa Jumapili aliyeshika jembe kaburini vijana walipochoka.

Mama mwambie hivi: alijua, na alijua anaenda kwa nani. Na akirudia lile neno lake la kufuata, mtolee mashine, mwekee mawe, mpeleke juani ajionee. Nafasi ni nne tu, na zimejaa. Mwambie hakuna anayefuata. Ale.

Mdogo wako,
Akin