Pau Si Mti, Mama

Mama,

Nyumbani wazima, kuku wako wazima, mimi ndiye siko sawa. Nina hasira, na nimeona nikuandikie wewe kabla sijamtukana mtu mzima.

Shangazi Mwanaidi ameichukua pau yako.

Ndiyo, huyo huyo wifi yako aliyekuwa akipita stendi ya Kibiti ameziba pua kwa upindo wa kanga, akikuita "Mreno wa kaka yangu" mbele ya wateja. Miaka yote ile hakuonja hata kipande cha pau yako. Alisema bajia kutiwa ndani ya mkate ni chakula cha watu wasio na jiko. Sasa ana meza yake upande wa mabasi ya Lindi, na kijana wa kupiga kelele: "Pau ya asili! Pau ya Kindengereko!" Pilipili anatumia ya chupa. Ya chupa, Mama! Na mikate yake ni laini kama sponji. Wewe ulijijengea tanuri la udongo wa kichuguu ili ganda likauke vizuri, likivunjwa lisikike.

Meza ningemsamehe. Stendi ni ya wote. Kilichoniunguza ni maneno.

Siku ya maonyesho ya vyakula vya asili, mtu wa redio alimwuliza kwa nini mkate wenye bajia unaitwa pau. Akatengeneza ushungi wake, akasema: "Wazee wetu walikuwa wakienda delta kukata mikoko, wakate boriti, wakate na pau za kuezekea. Chakula chao ndo hiki. Basi likashika jina." Watu wakapiga makofi.

Pau mti! Nilicheka kwanza. Halafu nikaona kila mtu anaitikia kwa kichwa, maana nani hapa hajalala chini ya paa lenye pau za mikoko? Uongo ulikaa vizuri kuliko ukweli wako.

Nikasimama. Nikasema pau ni mkate, ndivyo mnavyouita mkate kwenu Msumbiji, neno mliloachiwa na Wareno. Nikasema bajia watu wa kwenu walijifunza kwa Wahindi, wakazitia ndani ya mkate, na wewe ukaja na ujuzi huo kichwani ukikimbia vita. Nilidhani uwanja utanyamaza kwa aibu. Shangazi akacheka kwa upole, ule upole wake wenye miiba.

"Mwanangu weye, msiba umekuchanganya. Mama'ko mtu wa Mtwara. Mwenyewe kasema, nani asojua?"

Nikamwuliza, mbona ulikuwa ukimwita Mreno? "Aa, huo utani wa mawifi!" Uwanja mzima ukacheka. Muuza nazi naye akadakia kwamba hata yeye ulimwambia ni mtu wa Mtwara.

Na kweli ulimwambia. Hapo hasira yangu ikageuza njia ikaja kwako.

Unakumbuka siku ile uani, tunatoa maganda ya kunde? Nilikuwa mdogo, nikakuuliza kwa sauti Msumbiji kuna nini. Ulinibana mdomo kwa mkono uliojaa kunde. "Nyamaza. Watakuja wanirudishe." Nikanyamaza. Gari lolote la serikali likisimama stendi, ulikuwa unaniachia karai la mafuta ya moto unakimbilia chooni, mimi nabaki nakaanga na kutabasamu. Kimwani chako, lugha ya kwenu, ulikikunja ukakiweka mbali, ukasema kama watu wa hapa, na kwa vile kinakaribiana na Kiswahili hakuna aliyeshtuka. Shangazi alikisia tu; aliyejua kwa hakika ni Baba, naye alitangulia.

Ulinifundisha chumvi. Ulinifundisha kupiga kunde mpaka zipande na kuwa nyepesi. Ukashindwa kuniachia mtu mmoja, mmoja tu, wa kusema, "Ndiyo, namjua, alitoka huko." Nimekukasirikia, Mama. Nimekukasirikia na bado nikisikia mtu anakohoa uani nageuka nikidhani ni wewe.

Halafu jana, nikiwa nakanda unga, nikawaza: uliificha nchi yako, ndugu zako, hata lafudhi yako. Neno moja tu hukuweza kulibadilisha. Ungeweza kusema mkate kama watu wote. Lakini kila asubuhi ulisimama mbele ya mabasi, wewe uliyeogopa hata kivuli cha askari, ukapaza sauti "Pau! Pau moto!" stendi nzima isikie. Nililia mpaka nikauharibu unga.

Sasa vijana wa bodaboda wananitania, "Mreno mdogo, lete pau." Nawapa, na nawaambia waseme vizuri.

Kwa hiyo nisikilize. Ulitaka ninyamaze, nami nilinyamaza mpaka tukakuzika. Basi. Kila atakayenunua kwangu nitamwambia ulikotoka, na kijiji chako ulichoninong'oneza nitakitaja kwa jina. Anayetaka ataamini, asiyetaka atakula tu. Nitamwambia Shangazi pia, kila siku ya Mungu, mpaka achoke yeye. Najua ungenikataza. Hii ni ahadi ya kukuasi.

Kwaheri, Mama yangu. Mungu akupanulie hapo ulipo. Na usiogope tena. Umelala ubavuni kwa Baba, ndani ya udongo wa Kibiti. Nani atakurudisha sasa?

Mwanao,
Zuhura