Jina la Kumi

Dada Debora,

Nimekukosa, nadhani uko kisimani. Uji wa Mama upo kwenye chupa. Mama asiende misa ya pili, ile ya Kimakonde. Mwambie mguu bado umevimba, mwambie lolote, ila asiende. Majina yatasomwa tena.

Karatasi ya kuwaombea marehemu wetu niliiandika mimi, Mama akinitajia. Majina tisa. Leo misa ya kwanza katekista kasoma kumi. La mwisho Benjamini. Kaka yetu! Kanisa zima likaitikia, "Na mwanga wa milele uwaangazie." Nilitaka kusimama niseme yu hai, nikaishia kuitikia nao. Unanijua.

Baadaye nikaomba kuiona karatasi. Jina hilo ni mwandiko wa Baba Mdogo, maana ndiye aliyeipeleka. Nikamuuliza. Akasema, "Mtoto, kumsalia mtu kuna ubaya gani?" Hakusema kakosea, Dada. Na ndiye aliyerudi peke yake kutoka shamba la ufuta, akatuambia Benjamini kabaki kukausha. Simu ya Benjamini haipatikani tangu Jumatano.

Naenda Kiranjeranje kumtafuta. ~~Nitarudi jioni.~~ Sijui nitarudi lini. Mbuzi sijawahamisha.

Baba Mdogo yuko kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Akiniulizia, sema niko mazoezi ya kwaya. Akikuambia twende shamba tukamwone kaka yako, usiende naye.

Karatasi hii itie jikoni iungue kabla hajarudi.

Mdogo wako,
Anjelina