Jimbo la Heshima

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, ziwafikie na mama, shemeji na watoto. Natumaini miguu ya mama imepungua kuvimba, na kwamba sauti yako imerudi baada ya ile mikutano mitatu ya siku moja. Mimi mwili ni mzima, ila moyo unafukuta, ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, na saba kati ya hayo ni ya kunishukuru.

Najua bado unangoja magari ya chama. Naomba usome mpaka mwisho, hata ukikasirika.

Unajua nafanya kazi kwenye Kamati ya Kampeni za Bunge, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza tunafanya nini hasa. Sisi ndio tunaogawa msaada wa chama kwa wagombea ubunge: magari na mafuta yake, vipaza sauti, mabango, na mafunzo ya mawakala wa kukaa vituoni kulinda kura. Tuko watu sita kwenye chumba chenye feni inayozunguka ikijisikia. Ukutani kuna ramani ya majimbo yote. Mwenyekiti wetu, ambaye kwa siri tunamwita Kipimo kwa sababu hata sukari ya wageni anaipima kwa kijiko, huchoma pini kwenye kila jimbo. Pini ya kijani ni jimbo letu, hilo tunashinda hata tukilala. Ya njano ni jimbo la mapambano. Nyeupe ni jimbo la heshima.

Hapo ndipo maneno yananikwama, dada. Barua ya chama ilipokuja ikisema kwamba jimbo lako limewekwa kundi la heshima, mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Shemeji akaitia fremu. Ukanipigia kuniambia kwamba chama kimekuheshimu kuliko ulivyotarajia, wewe mkunga wa zahanati, nami nikasema hongera. Nilisema hongera! Laiti ningeuma ulimi.

Heshima inayosemwa pale si yako. Ni ya chama. Kila msimu wa uchaguzi Kipimo hutukumbusha kwamba chama kikubwa hakiachi jimbo bila mgombea, ni aibu. Kwa hiyo pale tusipotarajia kushinda tunamsimamisha mtu ili chama kisionekane kimekimbia. Mtu huyo hupewa bendera mbili, mabango mia moja na barua nzuri. Basi. Hakuna gari linalokuja kwako. Hakuna vipaza sauti, wala mwalimu wa mawakala. Ulivishwa kilemba cha ukoka, nasi wote tukakushangilia.

Sijui nicheke au nilie nikikumbuka kikao cha Jumatatu. Mheshimiwa mmoja wa pini ya kijani, ambaye amekaa bungeni miaka mingi na sijawahi kusikia alisema nini humo, aliomba gari la tatu la kubebea viti. Viti, dada! Akapewa kabla chai haijapoa. Na vipaza sauti vinane vimepangwa kwenye korido yetu, navigonga goti kila nikienda chooni. Ukiuliza, unaambiwa hivyo ni vya akiba.

Juzi yakaja majibu ya vijana waliotumwa majimboni kuuliza watu watampigia nani kura. Kwenye jimbo lako, mpinzani wako anakuzidi kwa watu wawili tu katika kila mia. Nilisoma mara tatu. Mgombea ambaye hajapewa hata lita moja ya mafuta! Wameandika kwamba wanawake wengi waliwajibu kuwa wewe ndiye uliyewazalisha, na mengine hawana haja ya kuyasikia.

Nikaenda kwa Kipimo na ile karatasi mkononi, nikamtaka abadilishe pini. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia ofisini. Nilimwambia kwamba kamati imekaa hapa chini ya feni inahukumu watu isiowajua. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasema magari yameshagawiwa na hawezi kumnyang'anya mtu. Akafungua kabati, akatoa fomu ya jimbo lako, akaniuliza kama mwandiko ule naujua.

Naujua. Ni wangu.

Miezi minne iliyopita kila jimbo lilihitaji maelezo ya mtu anayelifahamu, na fomu ya huko nyumbani ikaletwa mezani kwangu. Niliandika kwamba mgombea ni mkunga mwema, hana uzoefu wa siasa, hawezi kushinda. Mwishoni, penye nafasi ya kupendekeza kundi, nikaandika heshima. Muda wote huu nimejiambia kwamba niliogopa kuonekana nampendelea ndugu yangu. Uongo mtupu. Hapa hakuna aliyejua kuwa wewe ni dada yangu, maana unatumia jina la mumeo. Ukweli ni kwamba sikukuamini. Nilimwona dada aliyekuwa akinifunga vifungo vya sare ya shule, nikashindwa kumwona mbunge. Nimeilaani kamati wiki nzima, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Naona aibu hata kuandika haya.

Sasa nisikilize, maana zimebaki siku kumi na tisa. Wale walimu wastaafu waliojitolea kuwa mawakala, ukawaambia wasijisumbue kwa kuwa chama kinaleta watu wake, warudie leo hii. Lori la rafiki yake shemeji, ulilolikataa eti halifai mbele ya magari ya chama, lichukue. Usimngoje mtu yeyote kutoka huku. Ndani ya bahasha nimetia kijitabu cha mawakala, nimekitolea nakala wenzangu walipokwenda kula mchana. Ukurasa wa tisa ndio wenyewe: wakala asitoke kituoni bila karatasi ya matokeo iliyotiwa saini. Wasomee neno kwa neno, mpaka waseme umewachosha.

Sikuombi unisamehe. Huna nafasi ya hilo sasa, una kampeni.

Nisalimie watoto, na shemeji umwambie namheshimu sana kwa kukusimamia. Mama naomba umweleze wewe, mimi sina uso wa kumweleza. Jina langu bado liko kwenye daftari la wapigakura huko nyumbani, na siku hiyo nitakuja kukupigia kura. Ukiniona kwenye foleni, si lazima unisalimie.

Ni mimi,

Mdogo wako